Steven Kanumba: Kijana wa Bugoyi aliyeliliwa hadi migodini

JUMAMOSI ya Aprili 7, 2012 ilikuwa kati ya Ijumaa Kuu na sikukuu ya Pasaka, siku ambayo katika miji ya Shinyanga, Kahama na Geita watu hujaa sokoni kununua mchele, kuku na nguo za watoto. Kabla jua halijapanda sawasawa, habari ilikuwa imekwishafika: nyota wa filamu, Steven Kanumba, alikuwa amefariki dunia usiku wa kuamkia siku hiyo nyumbani kwake Sinza, jijini Dar es Salaam. Alikuwa na umri wa miaka 28.

Habari hiyo haikusubiri taarifa ya saa mbili usiku. Ilisafiri kwa ujumbe mfupi wa simu za mkononi, ikapokelewa na redio, kisha ikarudi tena kwenye simu ikiwa imeongezwa chumvi. Wapo waliodhani ni uzushi, kwani Siku ya Wajinga ilikuwa imepita kwa siku sita tu, na wasanii wa Tanzania walikwishazoea kuzushiwa vifo. Wengine walipiga simu Dar es Salaam kwa ndugu zao kuuliza. Jibu lililorudi lilikuwa lile lile.

Nchi nzima ililia, hilo halina ubishi. Lakini mkoani Shinyanga msiba huo ulikuwa na uzito wa namna yake, kwa sababu aliyekufa alikuwa mtoto wa pale pale. Wengine walimpoteza msanii. Shinyanga ilimpoteza kijana aliyezaliwa, akasoma na kucheza katika mitaa yake, na ambaye kwa miaka michache alikuwa ameufanya mkoa huo utajwe kwa jambo la furaha.

Kanumba alizaliwa Januari 8, 1984 Shinyanga. Mji huo wa reli na pamba, ulio kwenye njia iliyojengwa kutoka Tabora hadi Mwanza na kukamilika mwaka 1928, haukuwa mahali ambapo mtu angetafuta nyota wa filamu. Hapakuwa na studio wala chuo cha sanaa. Palikuwa na makanisa yenye kwaya, shule zenye vikundi vya ngonjera na maigizo, na ngoma za Wasukuma ambazo kila baada ya mavuno huwakusanya watu uwanjani kushindana mbele ya umati. Anayejua jinsi wacheza ngoma wa Usukumani wanavyohangaika kumvutia mtazamaji ili asihamie upande wa pili, hatashangaa sana kwamba eneo hilo lilimtoa mtu aliyejua kushika macho ya watu.

Alianza masomo katika Shule ya Msingi Bugoyi, mjini Shinyanga, kisha akaendelea na sekondari huko Mwadui. Mwadui ni jina kubwa. Ndipo mahali ambapo mwaka 1940 mwanajiolojia kutoka Canada, John Williamson, aligundua mwamba wa almasi, na ndipo ilipotoka ile almasi ya waridi aliyozawadiwa Malkia Elizabeth wa Uingereza alipofunga ndoa mwaka 1947, wakati huo akiwa bado binti mfalme. Kwa miongo mingi mgodi huo ulikuwa kama mji ndani ya uzio, wenye nyumba, hospitali na shule zake. Kijana aliyesoma jirani na uzio wa namna hiyo hujifunza mapema kwamba utajiri unaweza kuwa karibu sana na mtu na bado usiwe wake.

Baadaye alihamia Dar es Salaam, akasoma Dar Christian Seminary na kisha Sekondari ya Jitegemee. Safari ya kijana wa mkoani kwenda Dar es Salaam ni hadithi ya kawaida, na hapa haina haja ya kurefushwa. Jambo la kuzingatia ni kwamba alifika jijini wakati mwafaka.

Televisheni binafsi zilikuwa zimeanza katika miaka ya 1990, ITV ikiwa miongoni mwa za kwanza, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 watazamaji walikuwa wamechoka kutazama tamthilia za Mexico na Ufilipino peke yake. Walitaka kuona watu wanaozungumza kama wao. Kikundi cha Kaole Sanaa Group kiliziba pengo hilo. Michezo yake ya kuigiza ilirushwa na ITV, na saa ya kipindi ilipofika watu waliacha shughuli, wakajazana kwa jirani mwenye runinga. Kanumba aliingia Kaole akiwa kijana mdogo mrefu, mwenye sura ya kupendeza na sauti isiyotetemeka mbele ya kamera, na michezo kama Jahazi na Dira ikamtambulisha kwa Watanzania.

Kaole haikuwalipa wasanii wake fedha za maana, na hilo linajulikana. Iliwapa kitu kingine: kila wiki sura zao ziliingia sebuleni mwa watu bila kubisha hodi. Hapo walipatikana kina Vincent Kigosi, maarufu kwa jina la Ray, Blandina Chagula aliyekuja kuitwa Johari, na wengine ambao muda si mrefu wangeacha michezo ya televisheni na kuingia kwenye biashara mpya.

Biashara hiyo ni filamu za video. Mwaka 2003 ilitoka filamu ya Girlfriend, iliyoongozwa na marehemu George Tyson, ikiwa na wanamuziki wa kizazi kipya ndani yake, na wafanyabiashara wa Kariakoo wakagundua kwamba kanda iliyotengenezwa hapa hapa nchini inaweza kuuzwa. Mwaka 2006 ikatoka Johari. Filamu hiyo, iliyowakutanisha Kanumba, Ray na Chagula, ilienea kila kona, na mwigizaji wake wa kike akabaki na jina hilo mpaka leo.

Mwaka huo huo wa 2006 ilitoka Dar 2 Lagos, ambayo Kanumba aliigiza na Mercy Johnson wa Nigeria chini ya mwongozaji wa huko huko, Femi Ogedegbe. Kwa macho ya leo unaweza kuona ni jambo dogo. Wakati ule lilikuwa jambo kubwa. Filamu za Nigeria ndizo zilizokuwa zikitawala maduka ya kanda nchini, na waigizaji wake walichukuliwa kama watu wa sayari nyingine. Kijana kutoka Shinyanga kusimama nao bega kwa bega, na kurudi nyumbani akiwa mzima, kuliwafanya mashabiki waanze kuamini kwamba hata sisi tunaweza. Ndipo lile jina la Kanumba The Great lilipoanza kuwa na mantiki, ingawa lilimkera mtu asiyependa majigambo.

Baada ya hapo filamu zilifuatana kwa kasi. Oprah ya mwaka 2008, akiwa na Ray na Irene Uwoya, ilimweka kileleni. Katika Uncle JJ na This Is It aliigiza na watoto wadogo, na kwa maoni ya mwandishi wa makala haya hizo ndizo kazi zilizomwonyesha vizuri zaidi kuliko zile za mapenzi na majumba ya kifahari. Mtoto haigizi na mtu asiyempenda. Kanumba alijua kupiga magoti, kushusha sauti, kukubali kuchekwa. Kina mama waliokuwa wakilalamika kwamba filamu za Kibongo zinaharibu maadili, hizo waliwaachia watoto wazitazame.

Hapa inafaa tuondoke Dar es Salaam kidogo, turudi ukanda wa dhahabu, kwa sababu umaarufu wa Kanumba hauwezi kuelezwa kwa kutazama Kariakoo peke yake.

Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa upya mwaka 2000, baada ya ule wa enzi za ukoloni kufungwa mwaka 1966. Bulyanhulu, wilayani Kahama, ukafuata mwaka 2001, na Buzwagi mwaka 2009. Pembeni mwa migodi hiyo ya wawekezaji walikuwapo wachimbaji wadogo wasiohesabika, huko Nyarugusu, Rwamagasa, Mgusu na kwingineko. Bei ya dhahabu katika soko la dunia ilipanda mfululizo hadi ikapita dola 1,900 kwa wakia mwaka 2011, na kila ilipopanda, vijana zaidi waliacha jembe Usukumani, Uhaya na Uha wakakimbilia maduarani. Kukitokea rashi, yaani mahali palipogundulika dhahabu mpya, kijiji cha turubai huota ndani ya wiki moja.

Katika kijiji cha namna hiyo, baada ya duara, karasha na mwalo wa kuoshea mchanga, vitu vinavyofuata kufunguliwa ni mgahawa, kilabu cha pombe na kibanda cha video. Watu walikiita kibanda umiza. Ndani ni mabenchi ya mbao, televisheni juu ya meza, spika mbili, na nje jenereta inayonguruma. Kiingilio kilikuwa shilingi mia au mia mbili. Mchimbaji aliyeshinda chini ya ardhi tangu alfajiri aliingia humo jioni akiwa bado na vumbi la mwamba nywele nzima.

Kwa muda mrefu vibanda hivyo viliendeshwa kwa filamu za kigeni, na kwa kuwa watazamaji wengi hawakujua Kiingereza wala Kichina, walihitaji mtafsiri. Ndipo walipoibuka wasimuliaji wenye vipaji kama Lufufu, ambaye sauti yake juu ya filamu ilikuwa na mashabiki kuliko waigizaji wenyewe. Filamu za kina Kanumba zilikuja bila kuhitaji mtafsiri. Mtu aliyekaa benchi la mwisho alisikia Kiswahili, akaona nyumba inayofanana na ile aliyotamani kujenga, akaona mama mkwe anayefanana na wa kwake. Na yule aliyekuwa kwenye kioo alikuwa kijana wa Shinyanga.

Ni rahisi kusahau jinsi mkoa huo ulivyokuwa ukiandikwa magazetini katika miaka hiyo. Kuanzia mwaka 2007, Shinyanga na Mwanza zilitajwa duniani kote kwa mauaji ya watu wenye ulemavu wa ngozi. Septemba 2009, Mahakama Kuu iliyokuwa ikiketi Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa mauaji ya kijana mwenye ulemavu huo. Vikongwe wenye macho mekundu waliuawa kwa kudhaniwa ni wachawi. Msukuma aliyekuwa akiishi Dar es Salaam aliulizwa maswali ya kuudhi kila alipotaja kwao. Katika hali hiyo, kuwa na mtu ambaye ukimtaja kila mmoja anatabasamu halikuwa jambo dogo.

Sifa hizo hazikuja bila bughudha. Mwaka 2009 Kanumba alialikwa kama mgeni katika jumba la Big Brother Africa nchini Afrika Kusini, kipindi kilichotazamwa barani kote. Huko alilazimika kuzungumza Kiingereza siku nzima, na Kiingereza chake kikawa kichekesho. Vijiweni, redioni na mitandaoni watu waliiga alivyoongea, wakamsuta kwamba amelitia taifa aibu. Magazeti pendwa, yaliyokuwa yakiuza nakala kwa jina lake kila wiki, yaliendeleza wimbo huo.

Tukitazama nyuma, kichekesho hicho kinatia uchungu. Waliomcheka wengi wao walipita shule zile zile alizopita yeye: miaka saba ya Kiswahili katika shule ya msingi, kisha ghafla masomo yote kwa Kiingereza sekondari, mbele ya mwalimu ambaye naye lugha hiyo inampiga chenga. Walikuwa wakijicheka wenyewe bila kujua. Kanumba alijitetea hadharani, hakujificha, na aliendelea kuigiza na wageni na kuzungumza nao Kiingereza kile kile alichonacho. Filamu zake nyingi aliendelea kuzipa majina ya Kiingereza, jambo ambalo wakosoaji hawakulipenda na ambalo hata mimi sikuwahi kulielewa, maana waliozinunua walikuwa wasemaji wa Kiswahili kuanzia Kigoma hadi Bujumbura.

Kuhusu fedha, mambo hayakuwa kama yalivyoonekana kwenye makasha ya filamu. Utaratibu ulikuwa msanii au kampuni yake inatengeneza filamu ndani ya wiki chache, ikitumia nyumba za kuazima au kukodi maeneo ya Sinza, Mikocheni au Mbezi, kisha inaiuza haki yake kwa msambazaji kwa malipo ya mara moja. Msambazaji ndiye aliyezalisha nakala, akaigawa hadithi moja katika sehemu ya kwanza na ya pili ili ziuzwe mbalimbali, na faida iliyozidi ilikuwa yake. Aliyenakili bila ruhusa alichukua kilichobaki. Filamu iliyotoka Kariakoo asubuhi ilikuwa ikionyeshwa kwenye vibanda vya Katoro na Kakola kwa viingilio ambavyo hata senti moja haikumrudia aliyeigiza.

Kanumba alikuwa miongoni mwa wachache waliojaribu kubadili hali hiyo kwa kuanzisha kampuni yake mwenyewe, Kanumba The Great Film, akawa mwandishi, mwongozaji, mtayarishaji na mwigizaji mkuu kwa wakati mmoja. Mwaka 2011 alimleta Ramsey Nouah, mmoja wa waigizaji wakubwa wa Nigeria, kuigiza naye katika Devil Kingdom. Kutoka kuwa mgeni wa Wanigeria mwaka 2006 hadi kuwa mwenyeji wao mwaka 2011 ilikuwa miaka mitano tu. Jina lake lilikuwa limevuka mipaka, na katika Burundi, Rwanda na mashariki ya Kongo wapo waliomjua yeye kabla ya kumjua mwanasiasa yeyote wa Tanzania. Mapema mwaka 2012 alikuwa na Ndoa Yangu, aliyoigiza na Jackline Wolper.

Kisha ukaja usiku ule wa Ijumaa Kuu.

Yaliyotokea chumbani mwake Sinza yaliandikwa kwa namna mia moja, mengi yakiwa ya kubuni, na hapa tutabaki na yaliyothibitishwa mahakamani. Alikuwa na mwigizaji mwenzake, Elizabeth Michael, anayejulikana kwa jina la Lulu, ambaye wakati huo alikuwa bado binti mdogo. Ulitokea ugomvi uliohusu simu. Kanumba alianguka, akapelekwa hospitalini, ikathibitika kwamba amekwishafariki. Uchunguzi wa mwili ulionyesha kwamba alipata madhara kwenye ubongo. Binti huyo alikamatwa, na siku chache baadaye akafikishwa mahakamani kwa shitaka la mauaji.

Siku tatu zilizofuata nyumba ya marehemu iligeuka mji. Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, alifika kutoa pole. Wasanii walipiga kambi. Mashabiki ambao hawakuwahi kuzungumza naye hata mara moja walikesha nje ya uzio, wengine wakiwa wamepanda basi kutoka mikoani.

Jumanne, Aprili 10, mwili uliletwa katika viwanja vya Leaders Club, Kinondoni, kwa ajili ya ibada na heshima za mwisho. Watu walifika kwa makumi ya maelfu. Barabara zilizofuata viwanja hivyo zilifungwa na umati wenyewe kabla ya polisi kuzifunga. Vijana walipanda miti na kuta. Wengi walizimia kwa joto, msongamano na majonzi, wakabebwa juu juu kupelekwa kwenye huduma ya kwanza. Ilidhihirika kwamba kama kila mtu angepewa nafasi ya kuaga, jua lingezama na safu isingekwisha, hivyo shughuli hiyo ikakatishwa na mwili ukapelekwa makaburini. Makamu wa Rais wakati huo, Dk. Mohamed Gharib Bilal, alikuwapo, na Mama Salma Kikwete pia.

Wazee waliokuwapo walitafuta cha kulinganisha nacho wakakosa. Mbaraka Mwinshehe alipokufa kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, nchi ilikuwa vitani na Idi Amin, na habari zilipita kwenye redio moja tu ya taifa. Marijani Rajabu, Jabali la Muziki, alipofariki Machi 1995, alizikwa na mji uliompenda lakini bila kamera hata kidogo ya umati wa namna hii. Kanumba alikufa katika zama za simu na Facebook, miezi michache tu baada ya dunia kumlilia Whitney Houston, na miaka mitatu baada ya Michael Jackson. Watanzania walikuwa wamekwishaona kwenye televisheni namna mashabiki wanavyomzika nyota. Hata hivyo, waliokwenda Leaders hawakuwa wakiiga mtu. Ukitazama picha za siku ile utawaona kina mama wa makamo wenye kanga, wapiga debe, wanafunzi wenye sare na wanawake wauza vitumbua, wakilia kama wanavyolia kwenye msiba wa ukoo.

Huko Shinyanga watu walitazama kwenye runinga. Wengi walitarajia kwamba mtoto wao angerudishwa, kwa kuwa Msukuma akifia mbali, desturi ni kumleta azikwe kwao, hata kama ni kwa kukodi lori. Alizikwa makaburi ya Kinondoni. Ukweli ni kwamba maisha yake yote ya kazi yalikuwa Dar es Salaam, na umati uliotaka kumzika ulikuwa huko. Hata hivyo kwa waliosoma naye Bugoyi, kumwona akishushwa kaburini ndani ya kioo kile kile walichozoea kumwona akiigiza lilikuwa jambo gumu kuliamini. Alikuwa amekufa mara kadhaa katika filamu, na kila mara sehemu ya pili ilitoka.

Katika vijiji vya wachimbaji msiba ulikuwa wa aina nyingine. Kule hakuna Leaders Club. Waliotaka kumlilia waliingia kwenye kibanda, wakalipa kiingilio, wakaangalia filamu zake. Biashara ya kanda zake ilipanda kwa kishindo wiki ile, za halali na za wizi, na nyimbo za maombolezo zilizorekodiwa na wasanii mbalimbali zikawa zinapigwa kwenye mabasi ya Kahama na Geita. Geita yenyewe ilikuwa ndiyo kwanza imetangazwa kuwa mkoa kamili mwezi mmoja kabla, Machi 2012, ikimegwa kutoka mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera.

Kesi ilichukua muda mrefu kuliko wengi walivyodhani. Kwanza palikuwa na mabishano ya kisheria kuhusu umri wa mshitakiwa. Baadaye shitaka likabadilishwa kuwa la kuua bila kukusudia, na Januari 2013 akaachiwa kwa dhamana. Usikilizwaji katika Mahakama Kuu ulifanyika Oktoba 2017. Novemba 13 mwaka huo alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, akahukumiwa kifungo cha miaka miwili. Mei 2018 alitolewa gerezani kumalizia adhabu yake kwa kutumikia jamii. Katika miaka yote hiyo mashabiki waligawanyika, na hasira nyingi zilimwangukia binti ambaye naye alikuwa mtoto wa sanaa hiyo hiyo, aliyeanza kuigiza akiwa mdogo sana. Mahakama ilipomaliza kazi yake, baadhi ya waliokuwa wakipiga kelele walikuwa wamekwishasahau walikuwa upande gani.

Filamu zenyewe hazikupata nafuu. Love & Power ilitoka baada ya kifo chake, ikanunuliwa kwa machozi. Mwaka 2013 tasnia ya burudani ikampoteza pia msanii wa kizazi kipya Albert Mangwea, maarufu Ngwair, aliyefia Afrika Kusini Mei 28, na viwanja vya Leaders vikafurika tena. Ndani ya miaka michache mauzo ya filamu yalianguka. Aprili 2017 waigizaji waliandamana hadi Kariakoo kupinga filamu za kigeni zilizokuwa zikiuzwa bila kulipiwa kodi. Wapo wanaosema Bongo Movie ilizikwa na Kanumba Kinondoni. Hilo si sahihi kabisa. Simu zenye kioo kikubwa, kadi za kumbukumbu zinazojazwa tamthilia za Korea na Uturuki kwa bei ya soda, na wasambazaji kujiondoa, vingeiua hata kama angekuwa hai. Lakini ni kweli kwamba tangu aondoke hakupatikana mtu ambaye jina lake peke yake lilitosha kumfanya muuza duka wa Kahama aagize boksi zima la filamu bila kuuliza inahusu nini.

Vibanda umiza vingi vya ukanda wa dhahabu navyo viligeuka kuwa vya kuonyesha mpira wa Ulaya. Buzwagi ilisitisha uzalishaji mwaka 2021. Watoto waliozaliwa mwaka aliokufa wanamwona Kanumba kwenye simu za wazazi wao, picha ikiwa na ukungu na sauti ikipishana kidogo na mdomo, na wanauliza ni nani. Mjini Shinyanga mzazi anayeulizwa hivyo huanza kwa kuelekeza mkono upande wa Bugoyi.